Baba, Usingoje Kipaza Sauti cha Sendofu

Kwenye sendofu zetu, sherehe za kumuaga binti anayeolewa, kuna dakika ambayo ukumbi mzima huisubiri. Keki imekatwa, ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, imeingia na watu wameizunguka wakicheza, kisha mshereheshaji anapunguza muziki na kumwita baba wa binti atoe nasaha. Baba anasimama na suti yake mpya, anashika kipaza sauti kwa mikono miwili, na anaanza kusema. Kwamba tangu binti huyu azaliwe nyumba yake ilipata furaha. Kwamba hajawahi kumtia aibu. Kwamba ni mzuri, ana akili, ana utu, na anampenda. Binti pale mbele analia mpaka matroni anahangaika na tishu.

Mimi ni mzee wa kanisa katika usharika mmoja wa KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, hapa Dar es Salaam, na kwa miaka mingi nimesaidia kufundisha darasa la kipaimara. Nimealikwa kwenye sendofu nyingi za mabinti waliopita mikononi mwangu wakiwa na umri wa miaka kumi na nne. Baadhi yao, tukija kukutana baadaye, wameniambia jambo moja kwa maneno yanayofanana: usiku ule ndipo walipomsikia baba akisema hivyo kwa mara ya kwanza maishani. Wamelelewa, wamesomeshwa, wamelipiwa ada kwa jasho, na hawakuwahi kuambiwa. Wameambiwa usiku wa kuagwa, mbele ya watu mia tatu, wakiwa wameshatoka.

Hilo linaniuma sana. Nina mabinti watatu, na ninaandika nikiwa na neno moja la kuwaambia akina baba wenzangu wa Kikristo: lile la kwenye kipaza sauti lisemwe sasa, nyumbani, akiwa na miaka sita, tisa, kumi na tatu, siku isiyo na sherehe yoyote. Tena lisemwe kwa namna ambayo binti anaweza kuliamini.

Maana ukimya wa baba haukai mtupu, huwa unajazwa na wengine. Mtoto wa kike akifika darasa la nne ameshasikia maoni ya nusu ya mtaa kuhusu mwili wake. Mnene ataitwa bonge au tipwatipwa, mwembamba ataitwa kimbaumbau, mweusi ataulizwa kamchukua nani, na akiwa na mdogo wake mweupe basi wageni wote watamsifia yule mdogo huku yeye akiwa amesimama palepale na trei ya soda. Anayeyasema hayo huwa hana ubaya. Anaongea tu, kama anavyoongelea mvua. Lakini mtoto anaweka.

Akipata simu, maoni hayo yanaongezeka mara elfu. Kuna programu za picha zinazomweupisha uso kwa kugusa kitufe, zinamchongoa pua na kumpunguza mashavu, na sura inayotoka hapo ndiyo inayopata sifa. Kuna matangazo ya dawa za kuongeza makalio. Kuna mkorogo, mchanganyiko wa vipodozi vya kujichubua ngozi. Haidrokwinoni na zebaki, kemikali za kuweupisha ngozi, ni marufuku katika vipodozi hapa nchini. Zamani kazi ya kuvisaka vipodozi hivyo ilikuwa ya TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, na tangu 2019 iko kwa TBS, shirika la viwango. Zebaki huharibu figo. Haidrokwinoni ikitumika muda mrefu huweza kuacha mabaka meusi yanayoelekea ubluu, yasiyotoka kirahisi. Yote haya yameshasemwa redioni na hospitalini, na bado makopo yanauzwa, kwa sababu mnunuzi hakosi taarifa. Ameshaamini kwamba ngozi aliyozaliwa nayo ni tatizo, na imani ya namna hiyo haitolewi na tangazo la serikali.

Mwaka 2014 Lupita Nyong'o, binti wa Kenya ambaye siku chache baadaye alishinda tuzo ya Oscar, alisimama mbele ya wanawake weusi waliokusanyika Marekani akasimulia utoto wake. Alisema alikuwa na ombi moja kwa Mungu: aamke asubuhi akiwa mweupe. Akiamka hakuthubutu kujitazama mwili mpaka afike kwenye kioo, kwa kuwa alitaka kuuona uso wake kwanza. Akajaribu hata kupatana na Mungu, kwamba angeacha kuiba vipande vya sukari usiku iwapo ombi lake lingejibiwa. Mtoto huyo hakutoka katika nyumba isiyojali. Baba yake, Profesa Anyang' Nyong'o, ni msomi na kiongozi anayejulikana Kenya nzima, na mama yake, kwa maelezo ya Lupita mwenyewe, alikuwa akimkumbusha kwamba uzuri wa sura hauliwi, haumshibishi mtu.

Nilipoyasikia maneno hayo nilifikiria sala za jioni za nyumba zetu. Sisi akina baba tunaongoza, tunasoma Neno, tunaomba kwa sauti nzito, tunasema amina, watoto wanakwenda kulala. Ombi lenyewe la mtoto linaombwa baadaye, chini ya shuka, na hatulijui. Ndiyo maana nyumbani kwetu mke wangu alishauri kila mtoto aombe kwa sauti yake mwenyewe, hata kama ni maneno mawili. Utayasikia mambo ya ajabu. Utasikia mtihani wa hesabu, utasikia paka aliyepotea, na siku moja utasikia, "Mungu, naomba nipungue." Baba aliyesikia hivyo ameshapewa kazi ya kufanya.

Katika darasa la kipaimara tunatumia Katekisimo Ndogo ya Martin Luther, ya mwaka 1529. Maelezo ya fungu la kwanza la Imani yanaanza na mwili. Kila kijana anakiri kwamba Mungu amemwumba yeye pamoja na viumbe vyote, kwamba amempa mwili na roho, macho, masikio na viungo vyote. Wasichana wanayakariri hayo vizuri kuliko wavulana. Wanamsomea mchungaji bila kukosa neno. Kisha tunapanga picha ya darasa, na yuleyule aliyekiri kwamba Mungu amempa viungo vyote anajificha nyuma ya mwenzake mrefu ili mikono yake isionekane. Ungamo liko kichwani, halijashuka. Na mimi nimeamini kwamba mtu ambaye Mungu amemweka karibu zaidi kulishusha ungamo hilo kwa msichana ni baba yake, kwa kuwa maneno "Mungu Baba" kwanza anayapima kwa baba anayemjua, yule anayeingia saa moja jioni na kuvua viatu mlangoni.

Huyo Luther tunayemsoma alikuwa na binti, Magdalena, aliyefariki Septemba 1542 akiwa na miaka kumi na mitatu. Alifia mikononi mwa baba yake. Luther alimuuliza kama angependa kubaki na baba yake wa duniani na kama yuko tayari pia kwenda kwa Baba wa mbinguni, na mtoto akamjibu kwamba yuko tayari, kama Mungu apendavyo. Mtu aliyebishana na mapapa na wafalme alilia machozi waziwazi kwa ajili ya msichana, na watu waliokuwepo wakaandika. Sikuwahi kulisikia hilo kwenye mahubiri ya Sikukuu ya Matengenezo. Natamani lihubiriwe.

Lakini simulizi ninayoirudia zaidi kwa akina baba ni ya Yairo, Marko sura ya tano. Naomba tuisome polepole, kwa sababu tumezoea kuisoma kwa ajili ya muujiza tu.

Yairo ni mkuu wa sinagogi. Ana cheo, ana jina, anaheshimiwa mjini. Anafika mbele ya umati, anaanguka miguuni pa Yesu, na kumsihi sana: "Binti yangu mdogo yu katika kufa." Ana umri wa miaka kumi na miwili mtoto huyo. Mwanamume mwenye cheo ameanguka chini hadharani kwa ajili ya msichana, katika dunia ambayo msichana hakuhesabiwa kitu. Kama mtoto yule alikuja kusimuliwa baadaye, na bila shaka alisimuliwa, alijua tangu siku hiyo thamani yake kwa baba yake ni ipi.

Njiani wanacheleweshwa na mwanamke aliyetokwa damu miaka kumi na miwili, ile ile miaka ya uhai wa mtoto wa Yairo. Mwanamke huyo amejificha nyuma, anaona aibu ya mwili wake, anataka apone bila kuonekana. Yesu hakubali aondoke kimya. Anamtafuta, anasikiliza habari yake yote, anamwita "Binti" mbele ya watu wote, kisha anamruhusu aende kwa amani. Yairo amesimama hapo anatazama. Nadhani ni somo alilohitaji kuliona kabla ya kufika nyumbani.

Wanafika. Waombolezaji wamejaa, Yesu anasema mtoto hakufa, amelala, nao wanamcheka. Hapo ndipo pananishika kila mara. Yesu anawatoa wote nje. Anabaki na baba, mama na wanafunzi wake watatu, ndipo anaingia alipo mtoto na kumshika mkono. "Msichana, nakuambia, Inuka." Akiisha kuinuka, anaagiza apewe chakula.

Wanaocheka walitolewa nje kwanza. Nyumba ilikuwa ya Yairo, na Yairo alikubali watolewe, pengine wakiwemo majirani na ndugu zake, watu ambao kesho yake angekutana nao sokoni. Sehemu kubwa ya kazi ya baba katika jambo hili ni hiyo. Si lazima uwe na maneno mazuri ya kumsifia mtoto. Unaweza kuanza kwa kuhakikisha kwamba chumba alimo hakina wanaomcheka.

Pasaka moja dada yangu mkubwa alitutembelea kutoka Moshi. Tunapendana sana, na ni shangazi anayekuja na ndizi, parachichi na maziwa ya mgando kwa ndoo. Tukiwa mezani akamtazama binti yetu wa kati, akasema, "Huyu mbona amezidi kuwa mweusi hivi? Na mwili wenyewe huu, tutampata wa kumwoa kweli?" Watu wakacheka. Mtoto akainuka kimya na sahani yake kwenda jikoni.

Nikasema, "Dada, karibu sana nyumbani. Ila kwetu hapa maumbile ya watoto hatuyaweki mezani."

"Jamani, si natania na mwanangu."

"Najua unampenda, dada. Basi mwambie hivyo, kwamba unampenda. Hilo la mwili tuliache."

Alinuna mpaka chai ya jioni. Sikulirudisha neno langu, wala sikuliongezea. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi na mtoto alisikia kila kitu, na hilo tu ndilo nililolitaka. Nimeona akina baba wengi wakikaa kimya katika hali kama ile kwa kuhofia kuvunja heshima ya mkubwa. Heshima inaweza kulindwa kwa sauti ya chini na neno "karibu" likitangulia. Kinachovunjika tukikaa kimya ni cha mtoto, na mtoto hana pa kukishtaki.

Kuhusu shule nitasema kwa ufupi. Matokeo ya NECTA, baraza la mitihani la taifa, yakitoka, baba ambaye hajaongea mwaka mzima anapiga simu kwa ndugu wote kutangaza divisheni wani. Ni furaha halali. Ila binti akizoea kwamba uso wa baba unang'aa siku ya matokeo tu, atajifunza kwamba upendo ni mshahara. Angalia ubatizo wa Yesu katika Luka 3. Sauti ya Baba inasema, "Wewe ndiwe Mwanangu, mpendwa wangu, nimependezwa nawe," na hapo Yesu hajahubiri hata mara moja, hajaponya kipofu, hana mfuasi. Kupendezwa kumetangulia kazi yote. Sisi Walutheri tunaopenda kusema tunaokolewa kwa neema tungeanza kuonyesha neema hiyo siku mtoto anapoleta ripoti mbaya.

Kuna umri ambao akina baba wengi hutoweka bila kuhama nyumba. Binti anavunja ungo, mwili unabadilika, na baba ambaye jana alimbeba mabegani sasa hajui amkalishe wapi. Anarudi nyuma. Mazungumzo yanapitia kwa mama: "Mwambie mwanao avae vizuri." Ninaelewa inatoka wapi, ni staha, na staha ni njema. Lakini mtoto anachokiona ni kwamba mwili wake ulipobadilika, baba alimkimbia. Anahitimisha kwamba mwili huu mpya una kasoro, au una hatari, na atamtafuta mwanamume mwingine wa kumwambia kwamba hauna. Atampata haraka sana.

Baba anaweza kubaki bila kuvunja staha yoyote. Salamu ya asubuhi isipungue; akisema "Shikamoo baba," muitikie "Marahaba mama, umeamkaje?" na umtazame usoni ukimjibu. Mtume dukani, mpeleke shule, kaa naye kwenye daladala mzungumze habari za mpira kama anaupenda. Na taulo za kike ziwe kwenye orodha ya manunuzi ya nyumba kama unga na sabuni, nawe uzinunue bila kuficha kwenye mfuko mweusi. Kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo hizo iliondolewa Tanzania mwaka 2018, mwaka uliofuata ikarudishwa, na nilishangaa jinsi wanaume wachache kanisani walivyokuwa na habari. Binti yetu mkubwa alikuwa na habari, na alitaka kujua mimi ninaonaje. Tuliongea jioni nzima juu ya bajeti ya serikali, mimi na yeye, kwa sababu ya taulo. Yule aliyemponya mwanamke mwenye kutokwa damu hakumkwepa.

Ukaribu huu una sababu nyingine ambayo siwezi kuiruka. Binti anayeweza kuzungumza na baba yake kuhusu mwili wake ataweza pia kumwambia kwamba mjomba fulani, mwalimu fulani, au mwimbaji mwenzake wa kwaya amemgusa. Katika 2 Samweli 13, Tamari alipobakwa na Amnoni, mfalme Daudi alisikia, akakasirika sana, na hakuna tunachosoma alichofanya. Tamari akabaki katika ukiwa nyumbani kwa Absalomu. Hasira ya baba bila hatua haikumsaidia chochote. Zaburi zote zile, na kwa binti yake hakupata la kusema. Tukihubiri juu ya Daudi tusiifunge sura hiyo.

Je, umsifie binti kwamba ni mzuri wa sura? Kuna wazazi Wakristo wanaoogopa kwamba watamfundisha kiburi. Mimi sioni hivyo. Biblia haina haya kusema binti za Ayubu walikuwa wazuri kuliko wanawake wote wa nchi ile, na anayezungumza katika Wimbo Ulio Bora anasema mwenyewe, "Mimi ni mweusi-mweusi, lakini ninao uzuri." Mwambie. Mwambie misuko hiyo ya mabutu imempendeza, mwambie amechukua tabasamu la bibi yake mzaa mama. Halafu usiishie hapo. Mwambie unapenda jinsi anavyomsubiri mdogo wake barabarani, jinsi anavyobisha kwa hoja, jinsi anavyocheka kwa sauti. Msichana aliyesifiwa sura peke yake ataishi akiilinda sura hiyo, na kila chunusi itakuwa msiba.

Tena usimlinganishe na dada yake. Labani alikuwa na mabinti wawili, na Mwanzo 29 inatuambia macho ya Lea yalikuwa dhaifu ilhali Raheli alikuwa mzuri wa umbo na uso. Labani aliitumia tofauti hiyo kibiashara. Akamwingiza Lea gizani kwa mume asiyemtaka, kisha akamuuza na wa pili. Lea akatumia miaka akizaa watoto na kuwapa majina ya kilio, akitumaini kwamba safari hii mume atampenda. Miaka mingi baadaye, sura ya 31, dada hao wawili ambao hawakuelewana kwa lolote wanapatana kwa jambo moja, kwamba baba yao amewafanya kama wageni, maana amewauza na kuila fedha yao. Nikiwa kwenye vikao vya mahari na kusikia wazee wakivutana juu ya msichana "aliyesoma" na "mweupe," huwa nawaza kama naye anasikia.

Mwaka 2007 Flaviana Matata wa Shinyanga alisimama kwenye jukwaa la Miss Universe nchini Mexico akiwa amenyoa kipara, na akafika kumi bora. Wakati ule watu mtaani walibishana sana kuhusu kichwa chake. Nimewaonyesha mabinti zangu picha yake, hasa wanapolalamikia kanuni ya shule ya kunyoa nywele, na tumezungumza kwamba msichana anaweza kusimama mbele ya dunia nzima na kichwa alichopewa.

Mama yao sijamsahau. Binti anasoma kila siku jinsi baba anavyomwita mkewe, anavyomjibu akikosea, anavyoongea juu ya mwili wake baada ya uzazi. Huwezi kumwambia binti kwamba ameumbwa kwa jinsi ya ajabu, Zaburi 139, wakati mama yake unamtania tumbo mbele ya wageni. Binti anajua kwamba mwili ule ndio wake wa kesho.

Kwa baba anayefanya kazi mbali, mgodini Geita, kwenye malori ya kwenda Lubumbashi, au Muscat, simu ipo. Usiongee na mama kuhusu ada peke yake. Omba upewe kila mtoto kwa jina. Ujumbe wa sauti wa nusu dakika binti ataurudia mara nyingi kuliko unavyodhani. Na kwa mabinti ambao baba hayupo kabisa, kanisa letu lina wazazi wa ubatizo. Tuliahidi mbele ya madhabahu. Wengi wetu tulitoa khanga na Biblia tukaondoka, na hatujui mtoto yule yuko darasa la ngapi. Babu, mjomba, baba mkubwa, wote wana kinywa.

Sasa nifike mahali ambapo maneno yanapimwa. Unaweza kumwambia binti ni wa thamani kila siku, kisha siku ya kugawa mali akaona thamani hiyo iliishia mdomoni. Kwetu Uchagani kihamba, shamba la ukoo, kinakwenda kwa wavulana. Binti "ataolewa," ataenda kula kwa watu. Anakua akilima ardhi ambayo anajua hana hata pembe yake, na anajifunza, bila mtu kumtamkia, kwamba yeye katika nyumba ya baba yake ni mpita njia.

Biblia tunayoishika haikuliacha jambo hili. Ayubu 42 inasema aliwapa mabinti wake urithi kati ya ndugu zao, na inawataja kwa majina, Yemima, Kesia na Keren-hapuki, huku wale wana saba wa kiume wakiwa hawatajwi. Katika Yoshua 15, Aksa binti wa Kalebu anashuka kwenye punda, na baba yake anamuuliza anataka nini. Amepewa nchi ya Negebu, nchi kavu, sasa anataka maji. Kalebu hamkaripii kwa kutotosheka. Anampa chemchemi za juu na chemchemi za chini. Swali lile la Kalebu nimeliiba; ninawauliza mabinti zangu mara kwa mara, unataka nini, na ninangoja jibu. Na katika Hesabu 27 binti watano wa Selofehadi, Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirza, wanasimama mbele ya Musa, kuhani, wakuu na mkutano wote, wakiuliza kwa nini jina la baba yao lifutwe kwa kuwa hakuwa na mtoto wa kiume. Mungu akamwambia Musa kwamba wamesema haki.

Hapa kwetu tuna Holaria Pastory, Mhaya wa Kagera. Baba yake alimwachia shamba la ukoo kwa wosia halali. Mwaka 1988, akiwa ameshakuwa mzee, akaliuza kwa shilingi 300,000. Mtoto wa ndugu yake, Bernardo Ephrahim, akamshtaki, kwamba mila ya Kihaya haimruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Kesi ilipanda hadi Mahakama Kuu, Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume katika jambo hilo. Wanasheria wanaisoma hukumu hiyo mpaka leo. Mimi huwa namfikiria yule baba aliyeandika wosia. Zamani zile, katika ukoo ule, alikaa chini na kuandika jina la binti yake.

Mimi na mke wangu tumeandika wosia wetu na tumeuhifadhi RITA, wakala wa serikali unaotunza wosia. Kila binti ana sehemu yake, na wote watatu wameambiwa ni ipi. Baba mdogo, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo sasa, hakufurahi. Nilimfungulia Hesabu 27 tukaisoma pamoja. Naye anaijua Biblia vizuri. Akanipeleka sura ya 36, ambako mabinti walewale wanaagizwa waolewe ndani ya kabila la baba yao ili ardhi isihame. Nikamwambia hata hapo urithi haukuondolewa mikononi mwao. Akasema tutazungumza. Tunaendelea kuzungumza kila akija, sebuleni, mabinti wakiwa wamekaa nasi, na yule wa kati ameanza kumjibu babu yake kwa sura na mstari.